Alisema Nimejitoa

Baba yangu alikuwa mtu wa kweli. Nasema hivyo mapema, msomaji asije akadhani namsimulia laghai. Katika shamba la kahawa tulikoishi, nje kidogo ya Ruiru, panga likipotea na baba akasema hakuliona, hakuna aliyekuja kulitafuta kwetu. Alikuwa nyapara wa meza za kuanikia kahawa, na Jumapili alikuwa kiongozi wa ndugu waliookoka. Uongo wake ninaoujua mimi ni mmoja tu. Aliusema mbele ya watu, kwa Kiswahili, huku akitabasamu, na ulinihusu mimi.

Kiswahili nakitaja kwa makusudi. Nyumbani tulisema Kikuyu. Lakini hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa shambani, wengine wakapelekwa kizuizini. Nafasi zao zilijazwa na Wakamba na Waluhya. Ushirika wetu ukawa wa mchanganyiko, na ibada ikahamia Kiswahili. Baba alikisema kwa taabu. Ngeli zilimshinda kabisa, na "r" na "l" ziliingiliana mdomoni mwake zilivyotaka. Mimi niliyefundishwa lugha hiyo shuleni nilimsahihisha, naye alicheka akaniita mwalimu. Siku nyingine aliniita "maitu", yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ni binti yake wa kwanza na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake mzazi. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilijiona mkubwa.

Watu wa siku hizi wakisikia habari za miaka ile huuliza jambo moja: mlikuwa upande wa serikali au wa watu wa msituni? Ndugu walikataa pande zote mbili. Walikataa kula kiapo cha watu wa msituni, wakisema wamekwisha kuoshwa kwa damu ya Mwana-kondoo na hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi. Walikataa pia kushika silaha za walinzi wa serikali. Kwa hiyo kila upande uliwaona wasaliti, nao wakawa wanaomba huku wakitazama nyuma. Kukusanyika bila ruhusa kulikuwa kumepigwa marufuku, basi tulikutana bondeni, kando ya mto, tukiimba kwa sauti za chini.

Jumapili moja walinzi walitukuta huko. Sitaki kulisimulia kwa kirefu. Nilikuwa nimeketi karibu na mjane mmoja mzee, jirani yetu, aliyekuwa akinifundisha kusuka kiondo. Waliuliza tulikuwa tunamwapisha nani. Mjane akajibu kwamba tulikuwa tunaomba. Akaambiwa aweke mkono juu ya jiwe. Akauweka, na kitako cha bunduki kikashuka. Vidole vitatu havikunyooka tena mpaka anaingia kaburini, na kiondo alichokuwa amekifikisha nusu nilikimaliza mimi.

Tangu siku hiyo baba alianza kumwomba Mungu nyumba. Hakuomba kanisa lenye kengele. Aliomba paa na kuta nne, mahali ambapo mwenye shamba anapajua na askari hawawezi kupagusa. Kila jioni kabla ya chakula aliomba hivyo, na hakuna aliyeitikia amina kwa nguvu kunishinda mimi. Nilikuwa nauona ule mkono wa jirani kila siku, ukijaribu kushika kikombe.

Sasa niseme juu ya ushuhuda, maana bila hilo hasira yangu haitaeleweka. Ndugu walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Mtu alisimama, akawasalimu watu katika jina la Yesu, akasema aliokoka lini, kisha akayatoa yaliyo moyoni: kama ameiba kahawa, kama amemchukia jirani, kama Mungu amemtendea jema. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba unasema ya kwako. Mama mmoja Mkamba aliwahi kusimama akaanza kuungama ulevi wa mumewe, tangu alipoanzia kunywa mpaka alipokwenda kuangukia. Sote tulikuwa tumeinamisha vichwa tukisikiliza kwa raha zetu. Baba akamkatiza: "Mama, hiyo ni mzigo ya mzee. Wewe ungama yako." Yule mama akafikiri kidogo, akasema basi dhambi yake yeye ni kwamba alimpiga na mwiko. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Lakini neno la baba likabaki kuwa sheria, na yeye mwenyewe alilirudia mara nyingi: ushuhuda wa mtu haukopeshwi.

Mwaka ule nilimaliza darasa la nne, nikafanya mtihani wa kuingia shule ya kati. Wasichana tulikuwa watatu tu, na nikapita peke yangu. Nikapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Thika. Mwalimu aliileta barua mwenyewe kwa baiskeli. Baba aliisoma mara mbili kwa sauti, kisha akampa mama, ambaye hakujua kusoma. Mama aliishika kwa mikono yote miwili, akainusa, akasema inanuka shule. Hata leo sijui shule inanukaje, lakini siku ile nilikubaliana naye.

Mimi na mama tulikwenda Thika kununua vitu, tukiwa na pasi ya kusafiri iliyoandikwa na bwana wa shamba. Tulipanda gari la moshi, daraja la tatu. Katika duka la Mhindi mmoja palikuwa na masanduku ya bati yaliyopangwa moja juu ya jingine hadi darini. Mama alitaka la buluu lisilo na urembo. Mimi nililitaka lililochorwa maua mekundu kwenye kifuniko. Mwenye duka aligonga kifuniko kwa kidole akamwambia mama, "Hii iko nguvu. Mtoto nasoma mpaka naolewa, sanduku bado iko." Mama alicheka na kulinunua lile la maua. Tulinunua pia kitambaa cha sare, na mama akaanza kuishona sketi kwa mkono, akaacha pindo pana chini ili iwe inateremshwa kadiri ninavyorefuka.

Nilitakiwa kufika shuleni Jumanne. Jumapili iliyotangulia tuliambiwa tukutane mbele ya stoo kuukuu ya kahawa, mchana kweupe, bila kujificha. Stoo ile ilikuwa ya mawe na mabati, imeachwa tangu ilipojengwa nyingine kubwa. Tulipofika milango yake miwili ilikuwa wazi, na ndani palinuka maganda makavu ya kahawa na kinyesi cha popo. Ndugu waliingia na kutoka wakizigusa kuta kwa viganja. Mjane wetu alizigusa kwa ule mkono wake mbovu, pole pole, kutoka pembe hadi pembe.

Baba akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia, maana hayajapotea hata moja.

"Ndugu zangu, nawasalimu katika jina ya Yesu. Mungu amejibu. Bwana wa shamba ametupatia hii stoo ikuwe nyumba ya maombi. Barua ameandika, askari hawatatugusa tena. Lakini kila kitu kubwa iko na sadaka yake. Memsahibu anatafuta msichana ya kukaa na mtoto wake, msichana ya kuaminika, hapana ya kiapo. Na huyu binti yangu amejitoa. Amesema yeye mwenyewe, baba, wacha hiyo shule, mimi nitajitoa kwa ajili ya ndugu."

Sikuwa nimesema hivyo. Sikuwa nimesema lolote. Kwamba memsahibu, mke wa bwana wa shamba, anatafuta msichana nililisikia pale pale, pamoja na watu wote, nikiwa nimesimama mstari wa wanawake na nywele zangu zimenyolewa tayari kwa shule. Macho yalinitoka. Nilimtazama baba nikitumaini ataona amekosea, kama alivyokosea ngeli, nami nitamsahihisha halafu tutacheka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vya watu.

Mtu akaanzisha wimbo. Wanawake wakanizunguka, wakanikumbatia, mmoja baada ya mwingine, mashavu yao yakiwa yamelowa. Yule Mkamba wa mwiko aliniinua juu kabisa kana kwamba mimi ni mtoto mchanga. Kisha mjane akaja. Aliuweka ule mkono wake usionyooka shavuni mwangu, akasema kwa Kikuyu, "Asante, mwanangu. Sasa nitakufa nikiomba ndani ya nyumba." Naomba mtu aniambie ningejibu nini, mkono ule ukiwa shavuni. Nilinyamaza, na kila mtu akauhesabu ukimya wangu kuwa amina.

Baadaye maishani niliyaokota masomo kwa vipande, nikawa mwalimu, tena wa Kiswahili. Wanafunzi wangu walishangaa kwa nini mwalimu hukunja uso kila anapofika kwenye kile kiungo kidogo "ji", kinachoonyesha kwamba mtendaji amejitendea mwenyewe. Sikuwaeleza. Katika hotuba ile baba alikosea karibu kila kitu. Hapo angeweza kusema "nimemtoa" au "ametolewa". Ingekuwa sarufi safi na ingekuwa kweli, na pengine ningeuma meno nikaenda. Lakini ile "ji" aliipachika mahali pake barabara. Alinitoa, halafu akanivika mimi kitendo chake.

Nyumbani nilikuta sketi imetundikwa na sindano ikining'inia, pindo limefika nusu. Nikakumbuka kwamba mama alikuwa ameacha kuishona tangu Ijumaa, akisema macho yanamwuma. Nilimwuliza kama alijua.

"Aliniambia Ijumaa," akasema. "Nikamwambia akuulize wewe kwanza. Akasema atakuuliza."

"Na ulipoona hajaniuliza?"

Mama aliichomoa ile sindano akaichomeka kwenye kilemba chake. "Ningefanya nini, mwanangu? Alikwisha kutoa neno kwa Mzungu." Akatoka kwenda kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nilimhesabia mama kosa hilo kwa muda mrefu, labda kwa muda mrefu kupita alivyostahili.

Jumanne, siku ya kwenda shule, nilikwenda nyumba kubwa. Nilipewa gauni jeupe, kofia nyeupe, na chumba kidogo nyuma ya jiko. Mtoto alikuwa msichana wa miaka mitatu, mwenye nywele nyepesi na ghadhabu za ghafla. Siwezi kusema niliteswa. Nilikula nikashiba. Memsahibu alikuwa na sauti kali lakini hakunipiga. Mtoto akanizoea hata akawa halali bila kushika sikio langu, na mimi nikampenda, jambo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu nilitaka kuyachukia yote.

Kilichonikata maini ni Jumapili. Siku hiyo ndiyo wageni walikuja kula chakula cha mchana, kwa hiyo siku hiyo ndiyo sikuwa na ruhusa. Nilipewa Jumatano alasiri. Kila Jumapili nilisimama uani nikimsukuma mtoto kwenye bembea, na upepo ukileta nyimbo za ndugu kupitia kwenye mibuni. Waliimba kwa sauti kuu sasa, hawamwogopi mtu. Niliweza kuzitambua sauti, hii ya fulani, hii ya fulani. Sauti ya baba ilikuwa mbele ya zote. Nyumba ile ya maombi ilipatikana kwa gharama yangu, na katika miaka minne sikuingia ndani yake kuomba hata mara moja.

Mtu akiachwa na bembea na nyimbo za wenziwe, atafikiri. Nilifikiri sana juu ya dhabihu. Nilimfikiria yule kijana aliyepelekwa mlimani na baba yake, akabebeshwa kuni mgongoni. Katika mahubiri yote niliyoyasikia, aliyesifiwa ni mzee, imani yake na utii wake. Lakini kijana aliuliza swali njiani. Aliuliza mwana-kondoo yuko wapi, na baba yake akamjibu jibu la kuzunguka. Wahubiri hupita hapo mbio mbio. Mimi nilikuwa nakaa hapo. Najua kondoo dume alinaswa kichakani na kijana akafunguliwa. Ningependa kujua walirudije nyumbani, ni nani alitangulia njiani na ni nani alifuata, na kama walizungumza.

Nilimfikiria pia Bwana wetu. Ndugu walipenda kusema kwamba Baba alimtoa Mwanawe, na mara nyingi, nikiwa na uchungu wangu, nilijiambia kwamba basi hata mbinguni wana hutolewa. Lakini haikuwa hivyo, na hilo lilinipa raha na kuniongezea maumivu kwa wakati mmoja. Yeye alikwenda bustanini akapiga magoti akasema kwamba hataki, kikombe kiondolewe. Alijua kinachokuja. Alipewa nafasi ya kusema hapana, akaitumia, akatokwa na jasho, kisha ndipo akakubali. Kwake ile "ji" ilikuwa ya halali. Mimi bustani yangu sikupewa. Nilipelekwa moja kwa moja.

Na juu ya ukombozi nilikuwa na swali ambalo sikuthubutu kumwuliza mtu. Mkombozi hutoa fidia na waliofungwa hutoka. Vizuri. Lakini ile fidia yenyewe, ikishatolewa, hukombolewa na nani? Tunaimba kwamba iliyotolewa kwa ajili yetu ilifufuka siku ya tatu. Mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili, kisha mitatu, na hakuna aliyekuja kulisogeza jiwe. Baba alipita pale uani mara nyingi akienda kuonana na bwana wa shamba. Alivua kofia, akanisalimu, "Uko salama, maitu?" Nikajibu niko salama, Baba. Akaenda zake.

Mtoto alipofika umri wa miaka saba ikaamuliwa apelekwe shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Memsahibu alinipa kifurushi cha vitambaa vyembamba vilivyofumwa jina la mtoto, akaniambia nishone kimoja kwenye kila nguo. Nikashona. Nilishona jina lake kwenye soksi, kwenye taulo, kwenye suruali zake za ndani. Nilimkunjia sare, nikaifungasha vizuri kama ambavyo mama alikuwa ameanza kunifungashia mimi. Mtoto alilia hataki kwenda shule. Nilimwambia kwa ukali, ukali ambao sikuwahi kumtolea, "Nyamaza. Wewe utakwenda." Akanyamaza, akanitazama kama mtu asiyenijua.

Basi kazi ikaisha, na Hali ya Hatari nayo ilikuwa inalegea. Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na saba. Shule ya Thika isingenipokea tena, mwanamke mzima kuketi na watoto wa darasa la tano. Baba alifurahi sana kuniona. Akasema Jumapili hiyo itakuwa ya shukrani, na kwamba ndugu wanataka kusikia kutoka kwangu namna Bwana anavyoipokea sadaka ya mtu aliyejitoa. Alilitamka tena lile neno. Alikuwa amelirudia miaka minne, kwa watu na kwa Mungu, na nilimwona usoni kwamba sasa analiamini.

Jumapili nikaingia stoo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Palikuwa na mabenchi ya mbao, na mbele meza yenye kitambaa. Kando ya meza lilikuwa sanduku la bati lenye maua mekundu kwenye kifuniko. Walikuwa wanawekea humo vitabu vya nyimbo na kikombe cha meza ya Bwana. Hakuna aliyeniomba hata hilo. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mawili ya adabu nikae, na nadhani ningefanya hivyo lau si sanduku.

Nilisimama. Niliwasalimu katika jina la Yesu kama desturi ilivyotaka. Kisha nikasema, "Ninasimama kutembea nuruni, na nitasema yangu tu. Mimi sikujitoa. Nilitolewa. Siku ile hapa mlangoni ndiyo siku niliyoambiwa, pamoja na ninyi. Nimekaa miaka minne katika sifa isiyo yangu, na nikanyamaza, na kunyamaza huko naungama. Hayo mengine si yangu kuungama."

Kila mmoja pale alijua sheria. Aliyeguswa na nuru husimama naye, hutubu mbele ya ndugu. Macho yote yalimgeukia baba. Baba alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti, akitazama sakafu. Nilimngoja. Nilijua atasimama, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli. Hakusimama. Kisha kutoka nyuma sauti nyembamba ikaanzisha wimbo, wimbo wa furaha kabisa, na mabenchi yote yakaudaka kwa shukrani, wakaimba beti zote, wakazirudia. Walinifunika kwa wimbo. Aliyeuanzisha alikuwa mjane wetu, akipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja. Simlaumu. Alikuwa analinda paa lake. Lakini niseme tu wazi kwamba pale niliumia kupita ile siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza hawakujua.

Nilitoka wakiwa bado wanaimba, nikaenda nyumbani, nikaanza kupika, maana nilihitaji kitu cha kuponda. Nilikuwa jikoni kwa mama nikisaga viazi na mahindi na majani ya malenge ndani ya chungu, mwiko ukigonga kama nagombana na mtu. Mlango ukaingia giza. Alikuwa baba. Wanaume wa rika lake hawakuingia jikoni kwa wake zao, wala baba sikumwona akiingia hata siku moja. Aliinama akapita, akakaa kwenye kigoda cha mama, magoti yake yakipanda juu karibu na kidevu. Mimi niliendelea kuponda.

"Maitu," akasema mwishowe, "niliogopa ungekataa."

Kwa miaka minne nilikuwa nimetunga kichwani visingizio vyote atakavyovitoa, na jibu langu kwa kila kimoja. Hicho hakikuwamo. Mwiko ukasimama wenyewe.

"Ningekubali," nikasema.

Akainua uso.

"Ningekubali, Baba. Ungeniita ukaniuliza, ningelia siku mbili, ningekuchukia moja, halafu ningekwenda. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na yule nyanya mkono wake ulipovunjwa. Si wewe. Damu iliniruka mimi kwenye nguo. Hukunisikia nilivyokuwa naitikia maombi yako?"

Nilikuwa nimejisikia kwa mara ya kwanza nikilisema neno hilo, na kulisema kulinichoma upya. Shule ilikuwa hasara, lakini shule watu hukosa kwa sababu nyingi. Hiki kingine kilikuwa changu. Ilikuwa sadaka moja kubwa ambayo ningewahi kuwa nayo mkononi, ya kumpa Mungu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, na baba yangu aliichukua akaitoa kabla sijajua kwamba ninayo. Angengoja siku moja tu, Ijumaa mpaka Jumamosi, neno lake la Jumapili lingekuwa kweli tupu.

Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia nje ya maombi. Alilia vibaya, bila ufundi, akijifuta kwa mkono wa koti la kahawia. Mvuke wa chungu ulikuwa unapanda kati yetu, na nilimwacha alie.

"Sikusimama kule," akasema. "Miguu ilikataa. Nitasimama Jumapili ijayo."

"Hayo ni yako na ndugu."

"Ndiyo." Kisha akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mama yake akiwa amevunja kitu. "Na wewe, maitu, unaweza kunisamehe? Nakuuliza. Ukisema hapana, ni hapana. Sitamwambia mtu kwamba umesema ndiyo."

Nilijua jibu linalotakiwa. Nimelelewa nalo. Bwana alisamehe akiwa msalabani, tena bila kuombwa. Lilikuwa limenifika mpaka kwenye ulimi, laini, limeshapikwa, na ningelitoa angeinuka akaenda kulala usingizi mzuri. Lakini hilo ndilo swali la kwanza ambalo baba yangu alinitolea akiwa hajui nitajibu nini, na sikutaka kumlipa uongo.

"Bado, Baba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakunihimiza, hakuomba, hakunisomea neno lolote. Alibaki pale kwenye kigoda mpaka chakula kikaiva. Nikampakulia, akala.